Usimfungie Mlevi Chumbani
Maswali na majibu kuhusu kuacha pombe

Barua zinazouliza kama pombe ina madhara sitazijibu. Aliyeandika kurasa mbili kuhusu mumewe, mwanawe au mkono wake mwenyewe unaotetemeka anajua jibu. Nimechagua barua ambazo zikijibiwa vibaya mtu hufa, au matapeli hunufaika. Majina ya waandishi nimeyaacha.

Shikamoo daktari. Kaka yetu alikunywa gongo kila siku kwa miaka mingi. Kikao cha ukoo kiliamua afungiwe chumbani wiki nzima ili aache. Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Siku ya pili alianguka, akakakamaa, akatoa povu. Usiku wa tatu alikuwa akifukuza siafu wasiokuwepo na kuongea na marehemu baba. Mama alilia mpaka tukampeleka hospitali, akapona. Mjomba bado anasema tuliharibu tiba, kwamba pombe ilikuwa inamtoka. Je, tulikosea? (Dada, Same)

Marahaba, dada yangu. Mlimwokoa, na mjomba aambiwe hivyo bila kumung'unya maneno. Kilichokuwa kikimpata kaka yenu kinajulikana hospitalini na kina dawa. Asiyepewa dawa hiyo anaweza kufa.

Kosa hili nalikuta kila mkoa, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu. Watu wanaamini kwamba pombe ni tabia mbaya tu, na tabia mbaya hukomeshwa kwa ukali: funga, nyima, subiri. Wamemwona mtumiaji wa heroini akitaabika kwa arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa kilevi ulichokizoea, kisha akainuka, wakadhani arosto ya pombe itakuwa nyepesi zaidi kwa sababu pombe inauzwa kwa leseni. Ni kinyume chake. Arosto ya heroini hutesa mno lakini ni nadra kuua peke yake. Ya pombe huua.

Sababu iko kwenye ubongo. Pombe hupunguza mwendo wa ubongo. Ukiinywa kila siku, ubongo hujitetea kwa kuongeza nguvu zake za kujiamsha, ili uweze kufanya kazi humohumo ndani ya pombe. Mtu wa namna hiyo ni kama gari ambalo dereva amekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Ukiondoa breki ghafla, gari linafyatuka. Kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho huja kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huingia katika hali mbaya kuliko zote: homa, kuchanganyikiwa, kuweweseka, kuona siafu na marehemu. Kabla ya tiba ya kisasa, hali hiyo iliweza kuua hadi mtu 1 kati ya 3. Leo, kwa wanaotibiwa vizuri hospitalini, wanaokufa ni chini ya 5 kati ya 100. Kilicholeta tofauti hiyo ni dawa na uangalizi. Majini hayamo, na ukali wa ndugu haujawahi kumponya mtu yeyote.

Ndiyo maana mlevi huzimua asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Ndugu huona uroho. Mimi namwona mtu anayejitibu arosto kwa dawa pekee anayoijua. Na mjue kwamba kila anapoachishwa kwa kufungiwa, arosto ya safari inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Mwaka jana alivumilia. Mwaka huu anaweza kuanguka.

Si kila mnywaji yuko katika hatari hii. Anayekunywa bia mbili tatu siku ya Jumamosi anaweza kuacha leo akiwa nyumbani. Ninayemzungumzia ni yule anayekunywa kila siku, anayezimua, anayetetemeka kinywaji kikichelewa, au aliyewahi kupata degedege alipoacha. Huyo aachishwe chini ya daktari, kwa dawa kama diazepamu inayopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1. Kama yuko kijijini mbali na hospitali, asiache ghafla. Apunguze kidogo kidogo wakati mnatafuta nauli. Degedege likitokea, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, muondoke naye usiku huohuo.

Nimeona tangazo la unga wa kuacha pombe. Unaweka kwenye chai au mchuzi bila yeye kujua, na baada ya siku saba anaichukia pombe. Je, ni salama? (Wake, kina mama na dada kutoka Mbeya, Kahama, Tanga na Mombasa)

Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, kwa hiyo nazijibu kwa pamoja. Msinunue.

Ipo dawa ya hospitali inayomfanya mtu augue akinywa pombe. Inaitwa disalfiramu, na ilianza kutumika kwa walevi huko Denmark mwishoni mwa miaka ya 1940. Inamsaidia anayejua kwamba anaimeza na aliyekubali kuimeza. Akinywa pombe juu yake, uso huwaka, hutapika, moyo hukimbia, presha hushuka. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupoteza maisha. Sasa mtilie mtu dawa ya aina hiyo kwenye chai kwa siri, kisha aende kilabuni kama kawaida yake. Umemtegea sumu, mama, hata kama ulifanya kwa mapenzi. Na muuzaji asiyetaja kilichomo kwenye unga wake hawezi hata kumwambia daktari wa zamu mgonjwa amelishwa nini.

Kuna hasara nyingine. Siku atakapogundua, hatakula tena chakula chako wala kuamini neno lako, na mtu anayeacha pombe anahitaji angalau nyumba moja anayoiamini.

Dawa za kweli za kupunguza hamu ya pombe zipo: naltreksoni na akamprosati. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Hazipatikani kila duka la dawa, na si za kila mtu: ini, figo na dawa nyingine unazotumia lazima vipimwe kwanza. Ziulizieni kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa. Muuza unga wa mtandaoni hana vipimo hivyo.

Je, kahawa nyeusi, maziwa au kuoga maji baridi huondoa pombe mwilini?

Hapana. Ini huiondoa kwa mwendo wake, na hakuna cha kuliharakisha.

Rafiki ananiuzia vidonge vya Valium ili niache mwenyewe nyumbani. Ninywe vingapi? (Kijana, Nairobi)

Valium ndiyo diazepamu ileile. Hata kimoja usinywe nje ya mkono wa daktari. Ukichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua usingizini, na ukivizoea utakuwa na uraibu wa pili.

Kuna zahanati inatoa dripu ya "kuosha ini" kwa wanywaji. Mume wangu ameitumia mara kadhaa, anatoka ana nguvu, anarudi baa. (Mke, Mwanza)

Ini halioshwi kwa dripu. Nguvu unazoziona ni za maji na sukari, na sukari hiyo ndiyo inayonitia hofu. Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi ana upungufu mkubwa wa vitamini B1. Ukimmiminia glukosi kabla ya kumpa vitamini hiyo, unaweza kuuharakisha ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu achanganyikiwe, apepesuke hata akiwa hajanywa, na macho yashindwe kutulia. Asipotibiwa haraka, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Sindano ya vitamini B1 ni ya bei nafuu, na kila mtoa huduma anapaswa kuitanguliza. Anayekuuzia dripu bila hiyo, kisha anamruhusu mumeo arudi baa, anakuchezea.

Nimeacha mwaka mzima. Harusini naweza kunywa bia mbili tu?

Kama uliwahi kutetemeka asubuhi, hapana. Hata moja.

Mimi ni Mwislamu, naishi Unguja. Nakunywa kwa siri. Nikienda hospitali mtaa wote utajua, na mikutano ya AA nasikia ni ya kanisani. Sina pa kwenda.

Pa kwenda papo, ndugu yangu. Hujawa kafiri kwa kuugua, na aibu unayoibeba ndiyo inayoipa pombe nafasi ya kukaa nawe peke yenu. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo ya pombe. Wamo wenye rozari, wenye tasbihi na wasio na chochote.

AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, pale Bill Wilson, aliyefanya kazi ya hisa, alipokutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa walevi, na wote wawili walikuwa wameshindwa kuacha kila mmoja peke yake. Hadi leo hakuna ada. Sharti la kujiunga ni nia ya kuacha. Jina lako halitolewi nje. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana, lakini AA si mali ya kanisa lolote, na Mungu anayetajwa humo kila mtu humwendea kwa imani yake. Kwenu Zanzibar soba hausi, yaani nyumba za kuachia ulevi, zimetumia hatua kumi na mbili za kuacha, kama zile za AA, kwa miaka, zikiendeshwa na Waislamu walioacha heroini. Uliza hapo, au Hospitali ya Kidongo Chekundu. Kama unaogopa macho ya mtaa, ipo mikutano ya mtandaoni unayoweza kuifuata kwa simu.

Na anayekuambia mikutano ni porojo mjibu hivi: mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba programu zinazomwongoza mtu kuingia AA husaidia kuacha kabisa sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingi kuliko hizo.

Mwanangu alikaa soba miezi minne, akarudi, akanywa. Baba yake amesema asikanyage tena nyumbani. Tumepoteza pesa bure? (Mama, Moshi)

Hamkupoteza. Uraibu hurudi, kama presha na pumu zinavyorudi, na hakuna anayemfukuza mwenye pumu kwa kubanwa tena. Miezi minne ile mwili wake ulipona kwa kiasi, na amejua kwamba anaweza. Mwambieni baba hatari ya sasa: mwili wa kijana umepunguza uzoefu, kwa hiyo kiasi alichozoea zamani kinaweza kumzidi. Kinachotakiwa wiki hii ni kujua kilichotokea siku ile: nani alimwita, alikuwa na pesa ngapi, alikuwa na njaa, hasira au upweke? Jibu lake ndilo mpango wenu mpya. Alitoka soba akarudi kukaa bila kazi, na marafiki walewale, karibu na kilabu kilekile cha mbege. Hapo hakuna anayeweza kusimama kwa ahadi peke yake.

Kuweka mipaka kunaruhusiwa. Asipewe fedha taslimu, asinywee nyumbani, asiwatukane wadogo zake. Ila mlango wa matibabu ubaki wazi.

Kituo kimoja kinawafunga minyororo wagonjwa na kuwachapa "ili pepo la pombe litoke". Wazazi wanalipa. Mnasemaje wataalamu?

Tunasema ni uhalifu. Kabla ya kulipa uliza mambo manne: kituo kimesajiliwa? Nani anamwona mgonjwa siku tatu za kwanza za arosto? Anaweza kuongea na ndugu faraghani? Akitoka atafuatiliwa na nani? Anayekwepa swali moja kati ya hayo, mchukue mtoto wako uondoke.

Bia imepanda bei, nimehamia chang'aa ya jirani ili kupunguza matumizi hadi niache.

Hujapunguza kitu. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, Kenya, kwa pombe haramu, na hawakuwa wa kwanza. Pombe yenye methanoli, ambayo ni sumu, huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Ukiona ukungu machoni siku inayofuata, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usilale kungoja upone.

Na mimi mke? Kila mtu ananiuliza anaendeleaje. (Dodoma)

Dada yangu, hukusababisha ulevi wake na hutaweza kuuponya kwa kumfuata baa. Kula, lala, tunza kipato chako kwa jina lako. Familia za walevi zina mikutano yao, Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na wenzake. Kama haipo kwenu, tafuta mwanamke mmoja anayepitia hayohayo, mkutane kila wiki. Akikupiga, nenda dawati la jinsia la polisi. Ugonjwa wake unaeleza mengi, lakini haumpi ruhusa ya kukuumiza.

Nimeamua. Nianzie wapi? (Wengi)

Kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu. Kliniki kubwa zaidi zipo Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam na Mathari Nairobi. Kwa simu ya bure piga 119 Tanzania au 1192 Kenya. Ukimfikia muuguzi usiseme "najisikia vibaya", maana utapewa panadoli. Sema hivi: "Nakunywa kila siku. Mara ya mwisho nimekunywa saa fulani. Nikiacha natetemeka." Kama umewahi kupata degedege, taja. Nenda na mtu mmoja aliye timamu, akusemee ukianza kuona haya.