Moyo Uliombwa Unyamaze: Mizani ya Wamisri wa Kale na Mizani ya Kiyama

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Iko picha moja ya kale kutoka Misri inayozunguka sana kwenye simu zetu. Inaonesha mizani: upande mmoja umewekwa moyo wa maiti, upande wa pili unyoya, na mwandishi amesimama pembeni akiandika matokeo. Mara nyingi picha hiyo huja na maneno ya kejeli kwamba Waislamu waliiokota Mizani yao huko. Hapa Cibitoke, ambako tunakaa ukuta kwa ukuta na wasiokuwa Waislamu, swali hilo hutufuata mpaka barazani. Na anayejulikana kuwa anasoma masomo ya dini ndiye anayegeukiwa ajibu.

Kwanza tuielewe picha yenyewe. Nakala zake mbili mashuhuri ni za mafunjo ya watu wawili, Ani na Hunefer, ambayo leo yako British Museum, London. Yote mawili yaliandikwa miaka zaidi ya 1,200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Wamisri walipomkausha maiti walimtoa ubongo wakautupa, lakini moyo waliuacha kifuani, kwa sababu waliamini kuwa akili na kumbukumbu ya matendo vimo humo. Mbele ya Osiris, mungu wao wa wafu, moyo huo hupimwa na unyoya wa Maat, yaani ukweli na uadilifu. Anubis mwenye kichwa cha mbweha huangalia mizani, Thoth huandika. Ukionekana na makosa, huliwa na Ammit, dubwana lenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na nyuma kiboko. Anayeliwa moyo amekwisha. Hana maisha tena.

Kabla ya hapo maiti hutamka mbele ya waamuzi 42 kila mmoja kosa ambalo hakulifanya. Sikuua. Sikuiba. Sikumliza mtu. Sikumnyang'anya mtoto maziwa mdomoni. Sikuichezea mizani. Hili la mwisho muuza maharage wa sokoni Cibitoke angelielewa bila mkalimani, na kila aliyesoma mwanzo wa Suratul Mutaffifin analijua.

Basi, je, tulichukua kwao? Qur'ani imeshasema kuwa hakuna umma ambao haukupelekewa muonyaji (Suratu Fatir, aya ya 24). Misri yenyewe ilimpata Nabii Yusuf (a.s.), na yule muumini wa ukoo wa Firauni anawakumbusha watu wake kwamba Yusuf aliwajia zamani na hoja zilizo wazi, nao wakabaki kwenye shaka (Suratu Ghafir, aya ya 34). Kwa hiyo kukuta mabaki ya haki kwa watu wa kale si jambo la kututikisa. Lakini tusivuke mpaka. Wako wanaodai kuwa Osiris ndiye Nabii Idris. Hilo halina dalili, na hoja dhaifu ukiitumia kuutetea Uislamu humpa mpinzani wako kazi rahisi.

Kwangu mimi swali gumu zaidi liko kwingine. Kama Wamisri waliamini kuhesabiwa, mbona Qur'ani inasema Firauni na majeshi yake walidhani hawatarejeshwa kwa Mwenyezi Mungu (Suratul Qasas, aya ya 39)?

Nimeona jibu katika namna imani yao ilivyoishi. Miaka kama 2,350 kabla ya Nabii Isa, kuta za ndani za piramidi ya mfalme Unas, huko Saqqara, zilichongwa maneno ya kumpandisha mbinguni awe mmoja wa miungu. Huyo harejei kwa Mola wake; anakwenda kwa wenzake. Karne zilivyopita maneno ya namna hiyo yakaandikwa kwenye majeneza ya wakubwa wengine, kisha kwenye mafunjo, ndicho kinachoitwa leo Kitabu cha Wafu. Hapo ikawa biashara. Aliyekuwa na mali aliagiza funjo lake. Mengine yaliandikwa kabla hajajulikana wa kuzikwa nayo, nafasi ya jina ikaachwa tupu. Funjo la Ani lina urefu wa karibu mita 24, na mna mahali jina lake limejazwa baadaye kwa mwandiko mwingine. Yale makosa 42 ambayo hakuyafanya, basi, yalikwisha kuandikwa kabla mwenyewe hajajulikana ni nani.

Na moyo je, si unajua ukweli? Hapo palikuwa na dawa yake: jiwe lililochongwa kama dundu, likawekwa kifuani pa maiti. Maneno yake, ambayo yako pia katika mlango wa 30 wa kitabu hicho, yanauomba moyo usisimame shahidi dhidi ya mwenyewe mbele ya mizani. Waliamini mizani, lakini waliamini pia kuwa shahidi anaweza kunyamazishwa. Mwenye dhana hiyo, hata akitaja hesabu kila siku, hadhani kweli kuwa atarejeshwa kwa anayejua yaliyomo vifuani. Sasa isome Suratu Yasin, aya ya 65: siku hiyo kinachofungwa ni kinywa, mikono ndiyo inayosema na miguu inashuhudia. Katika Suratu Fussilat, aya ya 21, ngozi yenyewe inaulizwa na mwenyewe kwa nini imemshuhudia.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Hata sisi, atasema, tunayo karatasi inayookoa, tena iko ndani ya hadithi. Ni kweli. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) habari ya mtu atakayekunjuliwa sijali 99 za matendo yake, kila moja ukubwa wake upeo wa macho, kisha ikatolewa bitaka moja yenye shahada. Lakini fuata mazungumzo yake. Hakuingia nayo mkononi, na hakujua kama ipo. Anaulizwa kama anakanusha lolote katika yaliyoandikwa, au kama waandishi wamemdhulumu. Hana "sikufanya" hata moja ya kusema. Anajibu kuwa la, hakanushi. Anaulizwa kama ana udhuru, hana. Ndipo anaambiwa kuwa anayo hasanati moja, na kwamba siku hiyo hadhulumiwi. Naye anashangaa: kikaratasi hiki kitafanya nini mbele ya sijali zote hizi? Kinawekwa upande wa pili wa mizani, na sijali 99 zinapanda juu.