Uhalali wa Hojaji Iliyotafsiriwa: Mfano wa Hojaji ya Mlo

Hojaji ya MEDAS ilibuniwa nchini Uhispania kwa ajili ya utafiti wa PREDIMED. Ina maswali 14 yanayopima jinsi mtu anavyozingatia mlo wa jadi wa Mediterania, na kila jibu lifaalo huleta alama 1. Mnamo mwaka wa 2011, Schröder na wenzake walichapisha matokeo ya kuilinganisha na hojaji ndefu ya vyakula kwa watu 7,146. Uhalali huo ulithibitishwa kwa Kihispania, miongoni mwa Wahispania. Tafsiri haiurithi.

Tuchukue swali la mboga. Anayekula vipimo 2 au zaidi kwa siku hupata alama. Neno 'mboga' humjia mfasiri wa Kiswahili papo hapo, na kamusi zinaliidhinisha. Hata hivyo, kwa wasemaji wengi, hasa nchini Tanzania, mboga ni kitoweo chochote cha kulia ugali au wali: nyama, dagaa, maharagwe, mchicha. Aliyekula ugali kwa nyama mchana na usiku atajibu, kwa uaminifu kabisa, kwamba amekula mboga mara mbili. Kuirejesha tafsiri katika lugha chasili hakufichui kosa hili, kwa kuwa mfasiri wa pili ataandika kisawe kile kile cha kamusi na kamati itaridhika. Hufichuka mhojiwa anapoombwa aeleze kwa maneno yake alivyolielewa swali, au majibu yake yanapolinganishwa na orodha ya vyakula alivyokula kwa siku kadhaa. 'Mboga za majani' nayo huondoa nyama, lakini huondoa pia karoti na biringanya.

Swali la sofrito, yaani rojo la nyanya na vitunguu lililopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni, lina utata wa aina nyingine. Nchini Kenya nyanya na vitunguu hukaangwa karibu kila siku, ila kwa mafuta mengine. Mfasiri asipoyataja mafuta, takriban kila mhojiwa atapata alama; akiyataja, takriban wote wataikosa. Kwa vyovyote vile, swali halimtofautishi mtu na mwenzake.

Kuhusu mvinyo, glasi 7 au zaidi kwa wiki huleta alama. Kulitafsiri swali hili ni kazi nyepesi mno. Kumwuliza Mwislamu wa Lamu ni suala jingine. Likifutwa, jumla inakuwa 13, na viwango vilivyowekwa kwa msingi wa 14 haviwezi kutumiwa bila kuthibitishwa upya.