KUCHWA KWA JUA NA KUINGIA KWA USIKU KATIKA MJI WA LAMU

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kupokezanisha usiku na mchana. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ibada mbili kubwa zimefungamana na kuchwa kwa jua: sala ya Magharibi, na futari ya mwenye kufunga. Sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haisihi, na mwenye kula hali jua lingaliko amekula mchana wa Ramadhani. Basi haimpasi Mwislamu kuwa mjinga wa jambo alionalo kila siku kwa macho yake. Mfano wa somo hili ni Lamu, mji mdogo wa mawe unaokabili kisiwa cha Manda.

SABABU YA JUA KUCHWA

Watu husema jua limezama, na usemi huo ni sawa kwa jinsi lionekanavyo. Lakini ardhi ndiyo izungukayo, kutoka magharibi kwenda mashariki, mzunguko mmoja kwa siku. Abiria aliyemo jahazini akitazama pwani huona minazi inarudi nyuma, na hali minazi haikuondoka mahali pake. Ni jahazi lendalo. Vivyo hivyo Lamu na watu wake huchukuliwa na ardhi kuelekea mashariki, hata ardhi yenyewe ikawa kizuizi baina yao na jua.

Wala hayo hayapingani na Sura Yaasin, aya ya 38, itajayo mwendo wa jua. Kwani jua nalo lina mwendo wake katika mbingu, likiichukua ardhi pamoja nalo.

Tangu ukingo wa chini wa jua uguse upeo wa macho hata ukingo wa juu upotee, hupita dakika 2 na kidogo. Na wakati wa Magharibi hauingii kwa kugusa. Huingia kwa kupotea duara lote.

KILA MJI NA WAKATI WAKE

Ardhi huzunguka digirii 15 kwa saa moja, yaani digirii 1 kwa dakika 4. Lamu iko mashariki ya Mombasa kwa digirii moja na robo hivi. Kwa hiyo jua huichwea Lamu kwanza, kwa kadiri ya dakika 5. Tena Mombasa iko kusini zaidi, na mwezi wa Disemba, jua liwapo upande wa kusini, mchana wake ni mrefu kuliko wa Lamu. Hapo tofauti hufika dakika 8. Mwezi wa Juni hupungua ikawa dakika 2.

Swali: Mtu wa Mombasa akipigiwa simu na ndugu yake wa Lamu, akaambiwa "Tumekwisha futuru," je, naye afuturu?

Jawabu: Hapana. Jua lake lingaliko. Naye mtu wa Lamu akingojea adhana ya Mombasa katika redio, saumu yake ni sahihi, lakini ameiacha sunna. Kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amehimiza kuharakisha futari jua likishachwa.

Wala mtu asishike saa moja kwa mwaka mzima. Mwanzo wa Novemba jua huchwa Lamu kadiri ya saa 12 na dakika 6 jioni. Na kati ya Februari, kadiri ya saa 12 na dakika 36. Sababu yake ni kwamba mhimili wa ardhi umeinama, na njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili; basi hata adhuhuri yenyewe husogea katika saa zetu. Mwenye kushika wakati wa Novemba akafuturu kwao Februari, amekula nusu saa kabla ya usiku.

GIZA LA VICHOCHORO SI USIKU

Nyumba za Lamu ni ndefu na njia zake ni nyembamba. Giza huingia chini na hali juu ya madari mna jua bado. Tena mji umeelekea mashariki, na jua huchwa nyuma yake. Basi mwenye kutaka hakika, mbingu ikiwa safi, na apande juu ya dari atazame magharibi. Kisha atazame upande wa Manda. Punde baada ya jua kuchwa ataona utepe wa buluu iliyokoza unapanda kutoka mashariki, na juu yake wekundu hafifu. Utepe huo ni kivuli cha ardhi katika hewa. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alama za kufuturu ni hizo: usiku kuja kutoka mashariki, mchana kuondoka magharibi, na jua kuchwa.

WEKUNDU NA ISHA

Mwanga wa jua ni mkusanyiko wa rangi nyingi. Jua likiwa chini, mwanga wake hukata hewa nyingi. Hewa huitawanya buluu njiani, na nyekundu hutufikia. Wekundu huo ukitoweka magharibi, wakati wa Isha umeingia, kwa madhehebu ya Imam Shafii yafuatwayo na wengi wa pwani. Katika Lamu jua hushuka karibu wima, na giza kamili hutimia kwa kadiri ya saa moja na dakika 10. Ama London, katikati ya Juni, jua hushuka kwa mshazari, na giza kamili halitimii usiku kucha.

HUKUMU

Mwenye kufuturu akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika lingaliko, ni juu yake kujizuia siku ile na kulipa, katika madhehebu hayo. Ibn al-Shatir, mweka nyakati wa Msikiti wa Banu Umayya huko Damascus, alitengeneza saa ya kivuli mwaka 773 Hijria, sawa na 1371, ili sala za watu zisipotee. Leo kila mtu ana saa mkononi, wala hana udhuru wa kutojua ni saa ya mji gani.

Wallahu aalamu.