Kuirudishia Ioni Elektroni Bila Kuisimamisha

Ioni iliyopoteza elektroni inakwenda kwa kasi kubwa. Utairudishiaje elektroni yake bila kuisimamisha?

Katika maabara ya ISOLDE, huko CERN, Geneva, wanafizikia hupima kwa leza viini vya shaba vyenye maisha mafupi. Shaba hupimika vizuri ikiwa atomu kamili, lakini huwafikia ikiwa ioni. Kwa hiyo huipitisha kwenye chumba kidogo chenye mvuke wa sodiamu, mojawapo ya metali za alkali. (Neno alkali lina asili ya Kiarabu: al-qali, majivu ya mimea.)

1. Sodiamu hupashwa moto hadi itoe mvuke.
2. Ioni hupita katikati ya mvuke. Sodiamu huishika elektroni yake ya nje kwa ulegevu: eV 5.14 tu huing'oa. Ioni ya shaba ikipita jirani, huichukua.
3. Elektroni huhama bila ioni na atomu kugongana uso kwa uso, hivyo shaba huendelea karibu na kasi na mwelekeo uleule.
4. Ioni zilizobaki husukumwa kando kwa uga wa umeme.

Tahadhari: usidhani mvuke mwingi ndio bora. Ukizidi, migongano huongezeka, kasi za atomu hutofautiana, na kipimo hufifia. Kiasi ndicho kinachotakiwa.

Zoezi: elektroni ya heliamu hung'oka kwa eV 24.6. Kwa nini heliamu haiwezi kushika nafasi ya sodiamu hapa?