Dondoo muhimu: Likizo ya Karibi kwa mzamiaji na asiyezamia

Chagueni kisiwa kwa kumfikiria kwanza asiyezamia. Mzamiaji huridhika popote penye matumbawe mazuri. Mwenzake ndiye hubaki hotelini akisubiri boti irudi.

Bonaire haina mfano kwa kuzamia kutoka ufukweni: mawe ya manjano kando ya barabara huonyesha pa kuingilia majini, na kila mtu hupanga saa zake. Ila fukwe zake nyingi ni za vipande vya matumbawe, si mchanga. Asiyezamia aende Lac Bay kwenye maji ya kina kifupi, au akatazame heroe.

Mimi ningechagua Curaçao. Ina matumbawe, fukwe za mchanga na mji wa Willemstad, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Grand Cayman nayo ni nzuri, lakini ghali.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba; Bonaire na Curaçao ziko kusini mwa njia yao kuu.

Zamieni asubuhi, alasiri iwe ya wote. Baada ya kuzamia mara kadhaa, subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.