Kongowe Ipi? Somo la Kuipatia Biashara Ndogo Wateja Mtandaoni

Mkazi wa Dar es Salaam anayetafuta vifaranga kwa simu yake huandika maneno mawili tu: "vifaranga Kongowe". Majibu yanayomjia yanaweza kumpeleka Kongowe ya Barabara ya Kilwa, mbele ya Mbagala, ilhali banda lenye vifaranga liko Kongowe ya Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Kati ya sehemu hizo mbili pana jiji zima. Mfugaji wa Kibaha hatajua kwamba mteja huyo alikuwapo, kwa maana mteja aliyepotea mtandaoni hapigi simu kueleza kwamba amepotea.

Kongowe haiko peke yake. Pangani ni kata ya Kibaha, lakini jina hilo linafahamika zaidi kwa mji wa mkoani Tanga ulio kwenye mlango wa mto. Masaki ni kata ya Kisarawe, na ni mtaa wa balozi na hoteli katika rasi ya Msasani. Chole ni kata ya Kisarawe, na ni kisiwa huko Mafia. Kiluvya nayo imekaa mpakani, upande mmoja Kisarawe na upande wa pili Ubungo. Injini ya utafutaji haina namna ya kujua ni ipi inayokusudiwa iwapo mwenye biashara mwenyewe hajaieleza, nayo huelekea kumpendelea yule aliyejieleza vizuri zaidi. Mara nyingi huyo ni wa mjini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigharimu hata shilingi. Kila mahali biashara inapotajwa, iwe katika ukurasa wa Facebook, wasifu wa Instagram, WhatsApp Business au tovuti, mahali paandikwe kwa ukamilifu na kwa namna ileile: mtaa au kijiji, kata, wilaya, Mkoa wa Pwani. "Karibu na kwa Mzee Fulani" hutosha kwa jirani. Mgeni atokaye Mbezi hamjui mzee huyo. Jina la biashara na namba ya simu navyo visibadilike kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Duka linaloitwa hivi Facebook na vile kwenye ramani huhesabika kuwa maduka mawili, na sifa zake hugawanyika.

Hapa ndipo vibao vya anwani vinapopata kazi ambayo wakazi wengi hawakuitarajia. Katika operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, barabara na njia zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Kila kata ina postikodi yake yenye tarakimu 5, na za Mkoa wa Pwani huanza na 61 wakati za Tanga huanza na 21. Hivyo Pangani ya Kibaha na Pangani ya Tanga, zinazofanana kwa jina, hutofautishwa na tarakimu mbili za mwanzo. Asiyeifahamu namba ya nyumba yake au jina la barabara yake aulize katika ofisi ya mtaa au kijiji, na akiisha kuvipata aviandike kwenye ukurasa wake.

Hatua inayofuata ni kuiweka biashara kwenye ramani ya Google. Huduma hiyo ni ya bure. Mwenye biashara hujaza jina, aina ya shughuli, saa za kufungua, simu na picha, kisha Google huhakiki kwamba biashara ipo kweli, mara nyingi kwa kumtaka arekodi video fupi inayoonyesha njia, bango na vifaa vya kazi. Wengi huishia hapo kwenye uhakiki, ama kwa kuona usumbufu, ama kwa sababu banda halina bango. Inafaa kulitengeneza bango kwanza, hata la ubao uliopakwa rangi. Baada ya hapo alama ya ramani isogezwe hadi kwenye mlango wenyewe. Alama iliyowekwa katikati ya kata humwacha dereva wa bodaboda akizunguka, na nauli ya kuzunguka huko hulipwa na mnunuzi.

Kibaha ina sifa ya miaka mingi katika elimu ya ukulima na ufugaji. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, ambao tangu mwaka 1970 unajulikana kama Shirika la Elimu Kibaha, ulikuwa na shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Sifa ya namna hiyo husafiri kwa midomo ya watu, lakini haiingii mtandaoni yenyewe. Inabidi iandikwe, tena kwa maneno ya mnunuzi. Mnunuzi haandiki "tunatoa huduma bora za mifugo kwa bei nafuu". Huandika "bei ya vifaranga chotara", "trei ya mayai Mlandizi", "kuku wa kienyeji wa jumla". Vivyo hivyo, muuzaji wa Kisarawe anayejitangaza kwa "bidhaa za mazao ya mizizi" hatapatikana na mtu hata mmoja, kwa kuwa watu hutafuta mihogo, makopa na unga wa muhogo. Njia rahisi ya kuyapata maneno haya ni kusoma upya ujumbe wa WhatsApp uliotumwa na wateja mwezi uliopita na kuyaokota yale wanayoyarudia.

Bei nayo iandikwe, pamoja na tarehe yake. Wapo wanaoificha ili mteja apige simu. Huenda hilo lilifaa zamani. Mteja wa leo hupita na kwenda kwa aliyeitaja. Mwenye hofu ya bei kupanda aandike "bei ya wiki hii".

Suala la lugha huhitaji busara. Kurasa nyingi za biashara ndogo huandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakiuzi, ilhali mnunuzi wa mayai hutafuta kwa Kiswahili. Ni tofauti kwa anayewapangisha vyumba au kuwaongoza wageni katika Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Huyo aandike kwa lugha zote mbili, na ataje Kisarawe waziwazi, kwani neno Pugu peke yake humpeleka mgeni Ilala.

Yapo makosa mawili ya picha yanayowagharimu wengi. La kwanza ni tangazo linalosanifiwa lote kama picha: jina, bei na simu vimo ndani ya rangi na maua, wala hakuna sentensi moja chini yake. Injini ya utafutaji hutegemea zaidi maneno yaliyoandikwa, kwa hiyo yaleyale yaliyomo pichani yaandikwe pia kama maelezo. La pili ni uzito. Picha iliyopigwa kwa simu janja inaweza kuwa na megabaiti 4. Picha 10 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja wa tovuti ni megabaiti 40, na mteja mwenye kifurushi kidogo huufunga ukurasa kabla haujafunguka. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, jumla yake haifiki megabaiti 2, na jicho haligundui tofauti kwenye kioo cha simu. Programu za kupunguza picha zipo za bure.

Je, kila duka lihitaji tovuti? La. Kibanda cha chipsi, fundi cherehani na muuza matunda hutosheka na ramani pamoja na WhatsApp Business. Tovuti humfaa mwenye bidhaa nyingi, nyumba ya wageni, shule, au kikundi kinachotafuta wanunuzi wa jumla. Anayeiagiza atake anwani inayoishia na .co.tz, na ahakikishe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na nywila zikabidhiwe kwake. Kuna mafundi wanaosajili anwani ya mteja kwa majina yao. Siku wakigombana au fundi akihama, biashara hupoteza jina ililolitangaza miaka kadhaa. Vikundi vinavyokopa katika fungu la asilimia 10 la halmashauri viliangalie jambo hili kabla ya kulipa, kwa kuwa mkopo hurejeshwa hata tovuti ikipotea. Na anayeahidi kuifanya tovuti iwe ya kwanza katika Google kwa uhakika asilipwe, maana hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo.

Uaminifu ni nusu ya mauzo ya mtandaoni, hasa pale mteja anapotakiwa kutuma fedha kabla hajaiona bidhaa. Malipo kwa Lipa Namba yenye jina la biashara humpa mteja nafasi ya kulisoma jina kabla ya kuthibitisha. Jina la BRELA, leseni na, kwa vyakula vilivyofungashwa, alama ya TBS, vikionekana pichani humtuliza mnunuzi kuliko maneno matamu. Ujumbe wa matapeli unaotaka fedha zitumwe kwenye namba nyingine uripotiwe TCRA kupitia namba 15040. Kwa upande wake, mfanyabiashara asitangaze picha au namba za wateja bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata wenye maduka madogo.

Kilichobaki ni kupima, na chombo chake ni daftari. Kila mteja mpya aulizwe ameipataje biashara, na jibu liandikwe: ramani, Facebook, WhatsApp, jirani, bango. Ikiwa baada ya miezi miwili safu ya ramani bado ni tupu, kinachokaguliwa kwanza, kabla ya kulipia tangazo lolote, ni jina la kata, alama ya mlango na namba ya simu.