Ziara ya Magofu: Kumtumia Mwongozaji Bila Kumwachia Somo

UTANGULIZI

Walimu wengi wa Historia wanakubali kwamba ziara ya mahali pa kale ni zana ya kufundishia ipitayo picha na maelezo ya ubaoni. Hata hivyo, ziara nyingi tulizozishuhudia hazikuwa somo, bali matembezi. Wanafunzi huvuka maji, humfuata mwongozaji kutoka gofu hadi gofu, kisha hurudi wamechoka na kufurahi. Ukiwauliza siku ya pili wamejifunza nini, hukariri maneno mawili matatu waliyoyasikia, wala hawawezi kueleza yamejulikanaje.

Makala haya yanakusudia kueleza njia tuliyoijaribu katika magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Tunazungumzia ziara ya kundi moja la wanafunzi lenye mwongozaji wake peke yake, lisilochanganywa na wageni wengine. Ziara ya namna hiyo ina faida moja kubwa: mwalimu anaweza kupatana na mwongozaji mapema juu ya mwendo wa somo. Faida hiyo hupotea kabisa mwalimu anapomwachia mwongozaji kazi yote, naye akajiunga na wasikilizaji.

KOSA LETU LA KWANZA

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza tulipowapeleka wanafunzi wa kidato cha kwanza huko Kilwa, tulipata mwongozaji hodari, mzee mwenye kumbukumbu na ulimi mtamu. Alizungumza kwa muda wa saa tatu. Sisi walimu tulikaa nyuma tukihesabu watoto wasipotee. Tuliporudi tuliwapa swali moja: "Ni nani waliojenga mji wa Kilwa, nawe umejuaje?" Karibu wote waliandika kwamba mji ulijengwa na wageni waliotoka ng'ambo, na kwamba walijua hivyo kwa kuwa waliambiwa. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa pwani hiyohiyo ya kusini, aliongeza swali chini ya jibu lake: "Na wazee wetu walikuwa wapi?"

Hatukuwa na la kumjibu. Mzee wetu hakuwa na kosa, kwani alisimulia alichoombwa kusimulia. Kosa lilikuwa letu, maana tuliwapeleka watoto mbele ya ushahidi tusiwape nafasi ya kuutazama. Mtoto anayerudi kutoka magofu ya nchi yake akiamini kwamba wazee wake hawakuwamo katika historia ile amepata hasara ambayo kitabu hakiwezi kuifidia kwa urahisi.

MAMBO AMBAYO MWALIMU HANA BUDI KUYAJUA

Mwalimu asiyejua habari za mahali hawezi kumsaidia mwongozaji, wala kumsahihisha kwa heshima. Kwa upande wa Kilwa, yafuatayo ni ya lazima:

(a) Tarihi ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na pia kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hayo ni masimulizi ya watawala juu ya asili yao. Yana thamani, lakini hayatoshi peke yake.

(b) Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Tabaka za chini zilionyesha kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 9 hivi, wakiishi katika nyumba za miti na udongo na kutumia vyungu vya kienyeji, kabla ya majengo makubwa ya mawe kuwapo.

(c) Utajiri wa mji uliletwa na biashara, hasa ya dhahabu iliyotoka bara kwa njia ya Sofala. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba. Sarafu moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, mbali sana na bahari.

(d) Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji na kujenga ngome, wakaondoka mwaka 1512.

(e) Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji kadhaa ya pwani ya Afrika Mashariki. Yalionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia kwa pamoja, hasa Uajemi, na kwamba asili ya Afrika ilitoka zaidi upande wa akina mama.

Mwalimu akiyaweka hayo matano pamoja, ataona kwamba jibu la "wageni walijenga" na jibu la "wageni hawakuwamo" yote mawili yana upungufu. Lakini asiwaambie wanafunzi hayo kabla ya safari. Awaache wayafikie.

MATAYARISHO

Kwanza, mwalimu aende peke yake kabla ya wanafunzi. Apime kwa saa mwendo kati ya kituo na kituo, aulize habari za kupwa na kujaa kwa maji, aone mahali penye kivuli na maji ya kunywa. Kibali cha kuingia magofuni hupatikana Kilwa Masoko, na mashua iafikiwe mapema pamoja na idadi ya watu itakaowachukua salama.

Pili, azungumze na mwongozaji. Hii ndiyo hatua tuliyoiruka mara ya kwanza. Safari ya pili tulimwendea mzee yuleyule siku moja kabla, tukamwamkia na kumweleza kwamba tungependa wanafunzi watazame na kujadiliana kwanza katika kila kituo, ndipo yeye aseme. Hakupendezwa.

"Mwalimu," alisema, "watoto hawa wamekuja kusikia. Nikinyamaza watadhani sijui kitu."

"La, Mzee," tulimjibu. "Hatukuombi unyamaze, tunakuomba usubiri. Wakishakosea wenyewe, watakusikiliza vizuri zaidi."

Alicheka, akakubali kwa sharti kwamba atajulishwa kwa wanafunzi kama mwalimu, si kama mtembezaji. Sharti hilo lilikuwa la haki, nasi tunalipendekeza kwa kila mwalimu. Vilevile malipo yake yapatanwe siku hiyohiyo, ili lisizuke jambo la kuona haya mbele ya watoto.

Tatu, wanafunzi watayarishwe darasani kwa vipindi viwili. Katika cha kwanza wachore ramani ya pwani kutoka Sofala hadi Mogadishu na njia za pepo za kusi na kaskazi. Katika cha pili wagawanywe katika vikundi vya watu sita hadi wanane, kila kikundi kipewe dira, kamba iliyotiwa alama za mita na daftari. Waelezwe pia sheria: tangu mwaka 1964 vitu vya kale vinalindwa kisheria, na kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni ni ushahidi ulioharibiwa, kwa sababu hakuna tena atakayejua kilitoka tabaka gani.

ZIARA YENYEWE

Tulichagua vituo vitatu tu. Magofu ni mengi, na mwalimu hushawishika kuyaonyesha yote. Lakini vituo vitatu vilivyotazamwa vizuri vina faida kuliko kumi vilivyopitwa mbio.

Kituo cha kwanza: Msikiti Mkuu. Wanafunzi walipewa dakika ishirini na maswali mawili. Swali la kwanza: mihrabu inaelekea wapi? Walitumia dira, wakaona inaelekea upande wa kaskazini. Walipofungua ramani waligundua kwamba Kilwa na Makka ziko karibu kabisa katika longitudo moja. Swali la pili: je, msikiti huu ulijengwa mara moja? Vikundi vilipima kwa kamba, vikalinganisha sehemu ndogo ya kaskazini na sehemu kubwa ya kusini yenye makuba, vikabishana. Kikundi kimoja kilisema sehemu kubwa ni ya kwanza kwa kuwa imechakaa zaidi. Hapo ndipo mzee alipopewa nafasi. Alieleza kwamba sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12, na ile ya kusini iliongezwa baadaye. Waliokosea walisogea karibu zaidi kuliko wote.

Kituo cha pili: Husuni Kubwa. Jumba hili la karne ya 14 liko juu ya genge kuelekea mashariki, lina vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pande nane. Hapo tuliuliza: jumba hili lilihitaji vifaa gani, na kazi ya nani? Wanafunzi waligusa ukuta, wakatambua mawe ya matumbawe na chokaa. Mzee aliwaeleza jinsi matumbawe yanavyokatwa na jinsi chokaa inavyopatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Wanafunzi wakaanza kuhesabu wenyewe: wakata mawe, wapakiaji, mabaharia, wakata kuni, waashi, wachota maji, wapishi. Orodha ilipofika kazi kumi na mbili, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Sasa hawa wote walilala wapi?"

Swali hilo lilitupeleka kituo cha tatu, nacho hakikuwa gofu. Tulisimama kando ya kijiji cha wakazi wa kisiwa, penye nyumba za miti, udongo na makuti. Tukawasomea wanafunzi habari moja tu: kwamba Ibn Battuta, aliyeusifu sana mji huu kwa uzuri, aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za miti. Inakuwaje msafiri aone miti, nasi tuone mawe? Palikuwa kimya kwa muda. Kisha majibu yakaja polepole: miti huoza, udongo humomonyoka kwa mvua, mawe hubaki. Huenda nyumba nyingi za mji zilikuwa kama hizi, na tunachokitazama leo ni sehemu ndogo tu iliyosalia. Mzee, ambaye mara ya kwanza hakuwa ameyataja mambo haya, aliongeza kwamba hata babu zake walijenga hivyo, na mahali pa nyumba zao hapaonekani tena.

Hapo swali la mwanafunzi wetu wa mwaka uliotangulia lilipata jibu, nalo lilitolewa na wanafunzi wenyewe.

BAADA YA ZIARA

Kazi ya kuandika ifanywe kabla ya siku tatu kupita. Tulimtaka kila mwanafunzi agawanye ukurasa katika safu tatu: "Niliyoyaona", "Niliyoambiwa" na "Ninayofikiri". Zoezi hili ni jepesi kuelekeza, lakini ni gumu kulitenda. Wengi waliandika "mji ulikuwa tajiri" katika safu ya kwanza, ikabidi wenzao wawaulize: utajiri uliuona kwa macho? Uliona nini hasa? Kwa njia hiyo walijifunza kutenganisha ushahidi, masimulizi na maoni, jambo ambalo ndilo msingi wa somo la Historia.

Baada ya hapo ndipo mwalimu awaletee habari za uchimbaji, za sarafu ya Great Zimbabwe na za uchunguzi wa mwaka 2023, wazilinganishe na safu zao. Swali la "nani waliojenga Kilwa" lilipoulizwa tena, majibu yalikuwa marefu na hayakufanana. Mmoja aliandika kwamba mji ulijengwa na watu wa pwani, ambao baadhi ya baba zao walikuja na pepo na ambao mama zao walikuwapo.

MATATIZO NA NJIA ZA KUYAPUNGUZA

Gharama ni tatizo la kweli. Shule iliyo mbali isiione Kilwa kuwa ndiyo mahali pekee. Walio Bagamoyo wana Kaole, walio Tanga wana Tongoni, walio Iringa wana Isimila yenye zana za mawe, na walio kaskazini wana Engaruka yenye mabaki ya mashamba ya umwagiliaji. Darasa likiwa kubwa mno, ligawanywe: nusu iwe na mwongozaji, nusu ipime na kuchora, kisha zibadilishane. Na muda ukiwa mfupi, punguza vituo, usipunguze dakika za kutazama.

HITIMISHO

Kwa kifupi, mwongozaji mzuri ni hazina, na mwalimu anayemwendesha vibaya huipoteza hazina hiyo. Tunapendekeza mambo matatu: mwalimu atangulie kufika, apatane na mwongozaji juu ya wakati wa kusema na wakati wa kusubiri, na asiwaonyeshe wanafunzi mawe yaliyosimama bila kuwauliza juu ya miti iliyooza. Tunawaomba walimu watakaoijaribu njia hii katika magofu mengine watuandikie walivyofanikiwa na walivyoshindwa, kwani hata sisi tulijifunza zaidi kutokana na safari iliyotuharibikia.